Ajali imetokea mbele yako: mwongozo kamili kwa wanaofika mwanzo, Unguja na Pemba

Ikitokea ajali mbaya baina ya Kinyasini na Nungwi, au kwenye moja ya kona za Pemba ambapo mbele huoni kitu ila mikarafuu na migomba, anayefika mwanzo si daktari wala askari wa trafiki. Ni muuza madafu, ni vijana waliokuwa maskani, ni watoto wanaotoka chuoni, ni abiria wa gari iliyokuwa nyuma. Dakika tano mpaka kumi za mwanzo ziko mikononi mwao, na mtu anayetokwa na damu nyingi pengine hana hata hizo.

Miongozo mingi ya huduma ya kwanza huanza kwa kukataza: usimguse majeruhi, subiri wataalamu. Ushauri huo unafaa pale ambapo gari ya wagonjwa haichelewi. Kwetu mara nyingi majeruhi anafika spitali kwa gari ya mtu, na kumwambia mwanakijiji wa Makunduchi au Micheweni akae na mikono mfukoni ni kujisumbua. Watu watamnyanyua tu. Kwa hiyo hapa sitakataza kunyanyua. Nitaeleza kinachotakiwa kifanyike kabla, na mkinyanyua mnyanyue vipi. Mikono kwetu haikosekani. Tabu ni mikono kumi na mbili kuvuta pande kumi na mbili.

Njia kwanza

Ukifika, simamisha chombo chako nje ya njia upande wako wa kushoto, washa taa za hatari, na uangalie kwa sekunde chache kabla ya kukimbilia. Gari ngapi? Kuna moshi, harufu ya petroli, nguzo iliyoanguka? Kuna mtu aliyerushwa mbali, kwenye majani au mtaroni? Huyu wa majanini husahaulika, hasa usiku. Waulize walio na fahamu: mlikuwa wangapi?

Tuma vijana wawili, mmoja kila upande, waende hatua mia moja hivi wakapunguze mwendo wa gari zinazokuja. Penye kona au mteremko wasimame kabla ya kona, si baada yake. Matawi mabichi njiani kila dereva anayaelewa; yakatwe, yapangwe. Usiku tumieni tochi za simu, zikipepewa chini chini zisimpige dereva machoni. Kazi hii haina sifa na hakuna anayeipenda, lakini ikikosekana ajali ya pili huwakuta watu waliochutama katikati ya barabara.

Gari iliyogonga izimwe, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe nyuma na mbele ya tairi. Sigara zizimwe. Petroli ikimwagika, mwageni mchanga juu yake na mwondoe watu upande ambao inaelekea.

Waya wa umeme ukiwa chini au juu ya gari, hapo hakuna ushujaa. Kila mtu akae mbali, angalau mita 10, na aliye ndani ya gari abaki ndani asiguse bodi, isipokuwa gari inawaka moto. Waya uliotulia hauna maana umekufa. Pigeni simu ZECO, shirika la umeme, wakate umeme, na mpaka waseme wameukata, hamsogei.

Mmoja aseme

Jambo linalookoa muda kuliko yote halihitaji dawa: mtu mmoja achukue usemaji. Akiwepo daktari, muuguzi, mkunga, askari au mtu wa Zimamoto, ni yeye. Asipokuwepo, ni yule mwenye sauti na utulivu, hata akiwa kijana, na wazee wamkubalie.

Msemaji hatoi amri hewani. "Jamani mtu apige simu!" haifanyi kazi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwengine keshapiga. Anamnyooshea mtu kidole: "Kaka mwenye kofia, piga 112, halafu njoo unambie wamesema nini." "Mama, tuazime kanga yako, na hiyo nyengine." "Wewe na wewe, nendeni kule konani." "Mzee wangu, tusaidie kuwasogeza watoto hawa." Watu wakipewa kazi kwa heshima huifanya, na duara la watazamaji hupungua lenyewe.

Namba 112 ni ya polisi kwa dharura. Namba 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Ipigwe mtu akibanwa ndani ya gari au kukiwa na moto. Kwenye simu anza na mahali: shehia, na kitu kinachojulikana hapo (msikiti, skuli, kituo cha gari, mti mkubwa), na gari ilikuwa inaelekea wapi. Kisha idadi ya majeruhi, kama kuna aliyebanwa, kama kuna asiye na fahamu. Usikate mpaka wao wakate. Ukiwa na namba ya spitali ya wilaya, wapigie nao wajiandae. Masheha wote wawe nazo hizo namba kwenye simu zao, na ziandikwe ukutani pale maskani pembeni ya matokeo ya mpira.

Nani ashughulikiwe kwanza

Anayepiga kelele anavuta watu wote kwake. Lakini anayepiga kelele anapumua. Pita upesi kwa walionyamaza, kisha kwa wanaovuja damu nyingi, halafu wengine. Kama majeruhi ni wengi, waambieni wanaoweza kutembea wajisogeze wenyewe kando, chini ya mti mmoja, na mtu mmoja abaki nao awaangalie. Baadhi yao watazidiwa baadaye.

Kuna jambo jengine la kwetu. Mtu akionekana hatikisiki, mmoja katika kundi husema "Inna lillahi", na hapo hapo mikono inashuka, watu wanaanza kumfunika uso. Msifanye hivyo. Kusema mtu amekufa ni kazi ya daktari. Piga magoti, weka sikio karibu na mdomo wake huku ukitazama kifua, kwa sekunde zisizozidi kumi. Wengi wanaodhaniwa wamekufa njia yao ya hewa imeziba tu.

Damu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mtu asiye na ujuzi wowote anaweza kuokoa roho.

Damu inayoruka, inayofanya dimbwi, au inayorowesha nguo mbele ya macho yako, haisubiri gari. Vaa glavu kama zipo. Zikikosekana, ingiza mikono kwenye kitu cha nailoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini pakiti ya mkate haikosekani. Kunja kanga iwe donge nene, iweke pale pale damu inapotokea, nyoosha mikono na ukandamize kwa uzito wa mwili wako. Kisha usiachie. Kosa la kila siku ni kufunua kila mara kutazama kama imesita, na kila ukifunua unaanza upya. Kitambaa kikirowa, ongeza chengine juu na uhakikishe unakandamiza penye tundu lenyewe, si pembeni yake. Jeraha refu la kinenani au kwapani halifungiki. Shindilia kitambaa ndani yake mpaka lijae, halafu kandamiza.

Mkono au mguu ukikatika vibaya na kukandamiza hakusaidii, funga kwa kijiti. Fanya hivi:

1. Kunja kanga au mtandio uwe mkanda wa upana wa vidole vitatu. Usitumie kamba, waya wala mpira mwembamba. Hukata nyama na damu haisiti.
2. Uzungushe juu ya jeraha, upande wa kuelekea moyoni, kiasi cha vidole vinne kutoka kwenye jeraha. Usifunge kwenye goti lenyewe wala kiwiko chenyewe. Panda juu zaidi ya kiungo hicho.
3. Piga fundo moja, weka kijiti kigumu au spana juu yake, piga fundo la pili.
4. Zungusha kijiti mpaka damu isite. Majeruhi atalia, pengine atakutukana. Endelea, ukikaza nusu nusu, damu huzidi kutoka.
5. Kifunge kijiti kisirudi nyuma, na uandike saa kwa kalamu juu ya ngozi yake au kwenye karatasi atakayokwenda nayo.

Kisha usilegeze. Ile kauli ya "legeza kidogo mguu upumue" imezoeleka sana na ina madhara. Atalegeza daktari.

Kipande cha chuma, kijiti au kioo kilichoingia mwilini hakichomolewi. Ndicho kinachozuia damu hapo. Kandamiza pembeni yake na ukizungushie nguo kisitikisike.

Pumzi na shingo

Asiye na fahamu anayekoroma hajalala. Ulimi umerudi nyuma, au damu na matapishi yamejaa. Kaa kichwani pake, shika kichwa pande mbili kisigeuke, weka vidole nyuma ya pembe za taya chini ya masikio, usukume taya mbele. Mara nyingi kukoroma kunakoma hapo hapo, na unaweza kumsikia anavuta pumzi. Meno yaliyovunjika unayoyaona toa kwa kidole. Usichimbe koo usiloliona.

Akitapika, au ukilazimika kumwacha uende kwa mwengine, mlaze ubavu. Mgeuzeni wote kwa pamoja kama gogo: mmoja kichwani, mmoja mabegani, mmoja nyongani, bila ya shingo kupinda. Mdomo uelekee chini ili machafu yatoke.

Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa taya, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ukijua kutoa pumzi za mdomo, toa mbili kila baada ya 30. Kama hujui, kandamiza tu. Ila wakiwepo majeruhi wengi na mikono ni michache, nenda kwa wanaopumua kwanza. Neno gumu, na msemaji ndiye alibebe.

Helmeti iacheni kichwani, fungueni kioo tu na ukanda wa kidevuni. Itolewe pale tu ambapo inamzuia kupumua au anatapika ndani yake, na iwe kwa watu wawili: mmoja ameshika shingo na taya kutoka chini, mwengine anaivuta taratibu.

Mambo ya haraka haraka

Asipewe kitu mdomoni. Si maji, si soda, si chai ya sukari, si panadoli. Anaweza kupaliwa, na akihitaji upasuaji tumbo linatakiwa liwe tupu. Mwezi wa Ramadhani hili hutia watu uzito, kwa sababu watu wanakimbilia futari, ajali inatokea karibu na Magharibi, adhana inasikika na majeruhi anaomba maji. Muoneeni huruma kwa kumlowesha midomo kwa kitambaa. Dini imemsamehe mgonjwa, na daktari atamtundikia maji.

Aliyepauka, ana jasho la baridi, mapigo yanakwenda mbio, anapungukiwa na damu hata kama nje huioni. Mlaze chali, mfunike, awe wa kwanza kuondoka.

Aliyeungua, mmwagieni maji safi yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali na yai viachwe jikoni.

Kiungo kilichovunjika kifungwe kwenye ubao kama kilivyo, bila ya kukinyoosha. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye kitambaa safi, kitiwe ndani ya nailoni, nailoni iwekwe juu ya barafu, na kiende na mwenyewe.

Majeruhi mwanamke, au yeyote ambaye nguo imechanika au imebidi kukatwa, asitirini. Wanawake watatu wakishika kanga na kuipa mgongo duara la watu, ukuta umeshapatikana na kazi inaendelea ndani. Stara isiwe sababu ya kutolitazama jeraha.

Kumtoa na kumpakia

Kuna hali nne za kumhamisha mara moja bila ya kusubiri chochote: moto, maji, gari zisizozuilika, na mtu asiyepumua ambaye huwezi kumhudumia alipo. Hapo mshike nguo za mabegani, kichwa chake kikae baina ya mikono yako, umvute kwa kufuata urefu wa mwili. Usimvute kwa mkono mmoja wala kwa miguu.

Nje ya hali hizo, damu ikishazuiliwa na pumzi ikishakaa sawa, tafuteni kitu kigumu na kirefu: mlango, ubao wa mjengo, kitanda cha kamba, benchi. Mkeka hupinda katikati. Unafaa tu mkiwa wanane mmeukaza pande zote. Mshikaji wa kichwa ndiye anayeongoza. Wengine watano wapige magoti, watatu upande huu, wawili upande wa pili, mikono mabegani, nyongani na magotini. Mshika kichwa anasema: "Nikisema tatu. Moja, mbili, tatu." Hakuna anayenyanyua kabla. Makundi mengi yanaharibu hapa, maana mwenye nguvu zaidi hunyanyua mwanzo na mwili unapinda.

Kwa kupakia, gari ya mbao ni bora kuliko teksi, na hili halisemwi vya kutosha. Kwenye teksi mtu hukunjwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni, shingo imeegemea mlango. Gari ya mbao ina mabenchi mawili yanayotazamana na sakafu ndefu katikati. Abiria washuke, ubao ulazwe sakafuni, mshika kichwa na mkandamizaji wa damu wakae chini pande zote mbili, na mtu wa tatu agonge bodi kuashiria safari. Pikapu inafaa pia mkitandika godoro. Bodaboda si ya mtu asiye na fahamu wala aliyevunjika mguu. Ule mshikaki wa kumbana majeruhi baina ya dereva na mshikaji unammaliza shingo. Aliyeumia mkono na anatembea, apande.

Waende watatu tu: anayeshika kichwa, anayezuia damu, na mmoja aliyeona ajali, atakayemweleza daktari. Dereva awashe taa, apige honi, aende mwendo wa wastani. Matuta yachukuliwe polepole. Dakika mbili anazookoa kwa kuyaruka, majeruhi anazilipa mgongoni.

Wapi? Anayevuja damu au anayepumua kwa tabu apelekwe spitali iliyo karibu, ndipo ihamishe yenyewe ikibidi. Kutoka Nungwi msiipite spitali ya Kivunge kwa sababu tu "Mnazi Mmoja (spitali kuu ya mjini) wana kila kitu", na kutoka Kizimkazi angalieni Makunduchi. Pemba kuna Abdalla Mzee pale Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni. Ni kweli kwamba vichwa na uti wa mgongo huishia Mnazi Mmoja, na kutoka Pemba hiyo ni safari ya kuvuka bahari, lakini anayeweza kuisafiri ni yule aliyetulizwa kwanza.

Dereva, simu na mali

Dereva aliyegonga asipigwe. Nimeshaona mikono iliyohitajika kunyanyua ubao ikiwa imekunja ngumi upande wa pili wa barabara. Naye pengine ameumia ndani na hajijui. Wazee wawili wamweke kando, wakae naye mpaka polisi wafike.

Picha moja au mbili za gari zilivyokaa, namba zake na alama za breki, kabla hazijasogezwa, zina faida kwa polisi. Picha za nyuso na damu hazina. Mama hatakiwi kuujua msiba wa mwanawe kwenye kundi la WhatsApp. Atakayewapigia jamaa awe mmoja, aliyechaguliwa na msemaji, na aseme: "Amepata ajali, yuko njiani kwenda spitali fulani, njooni." Basi. Hali yake wataambiwa na daktari.

Pochi, simu, viatu na mizigo vikusanywe na watu wawili, vihesabiwe mbele ya sheha au askari. Akiwa mgeni kwenye pikipiki ya kukodi, tafuteni kadi ya hoteli au pasi yake, iende naye.

Fomu ya PF3, ya matibabu ya majeruhi, hutoka polisi, na spitali wataiulizia. Isiwe sababu ya kumzungusha majeruhi kituoni akiwa ndani ya gari. Mtu mwengine aifuate huku gari imeshaondoka.

Baada ya gari kuondoka

Yale matawi na mawe yaondolewe. Yote. Jiwe lililowekewa tairi saa kumi jioni humwangusha mtu wa baiskeli saa mbili usiku. Vioo vifagiliwe, mafuta yamwagiwe mchanga.

Kama una gari, weka chini ya kiti kanga mbili kuukuu zilizofuliwa, glavu, mkasi, kijiti cha urefu wa kiganja, tochi na kalamu ya wino mzito. Madereva wa gari za mbao waongeze ubao mmoja wa urefu wa mtu. Kwa siku za kawaida utabeba mizigo.

Osha mikono kwa sabuni na maji mengi. Damu ya mtu ikikuingia kwenye mchubuko, jichoni au mdomoni, usione haya na usingoje kesho. Osha kwa maji mengi, nenda spitali siku hiyo hiyo, na useme wazi kilichotokea. Dawa za kinga dhidi ya Virusi vya Ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, na zikipita saa 72 hazianzwi tena.